Sarafu zangu za nyoka si hirizi

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi niwajibu wanaosema hapa mtaani kwetu Ng'ambo ati naweka masanamu ndani, na wengine washafika kusema zile sarafu zangu zina majini.

Ninachokusanya ni sarafu za shaba iliyochanganywa na bati, za Wagiriki wa kale, hasa za mji wa Pergamon ambao leo ni Bergama kule Uturuki. Upande mmoja kuna kichwa cha Asklepios, mungu wao wa tiba, mzee wa ndevu, upande wa pili nyoka kajizungusha kwenye fimbo na maandishi yanasema ni ya Asklepios mwokozi. Silifichi hilo, ndo walivyoamini wao, walikuwa wakilala hekaluni na maradhi yao wakingoja kuota dawa. Lakini sarafu yenyewe ilikuwa chenji ya sokoni, karne ya 2 na ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, mtu akinunulia mkate, sasa uganga umetokea wapi? Na hiyo fimbo mbona mnaiona kila siku, iko kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani na kwenye magari ya wagonjwa, na hakuna anayekataa kupakiwa.

Kinachonivuta mie zaidi ni kwamba mji huohuo ndo alikozaliwa Jalinusi, yule tabibu mkubwa wa Kigiriki ambaye Wazungu humwita Galen, mwaka 129 baada ya kuzaliwa Nabii Issa, akasomea utabibu palepale na baadaye akawatibu wapiganaji wa kwenye viwanja vya michezo. Vitabu vyake mfasiri Hunayn bin Is-haq alivitia kwenye Kiarabu kule Baghdad karne ya 9, tabibu Ibn Sina akajengea hapo, na hawa mabwana wa tiba yetu ya zamani wanaosema habari za damu, balghamu na nyongo wanasema ya Jalinusi. Mbona hao hawaambiwi wanaabudu Wagiriki?

Halafu kuna wanaonishauri kwa nia njema nizisugue kwa ndimu na majivu zing'are. Jamani hapana! Ile rangi ya kijani iliyokolea ndo ngozi yake, imejijenga kwa miaka elfu mbili, ukiitoa umeiua sarafu. Cha kuogopa ni unga wa kijani mpauko unaochanuka juu, huo unatokana na chumvi na unyevu na unakula shaba mpaka ndani, na sie na hewa yetu hii ya bahari lazima uziweke pakavu, kila moja peke yake.

Nanunua zenye karatasi za kuonesha zimetoka wapi tu, maana Uturuki inakataza kutolewa vitu vya kale nchini mwake na ni haki yao.

Mwenye shaka aje na shekhe wake aziangalie mchana kweupe. Na kama babu yake kamwachia pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, zile za 1299 Hijria zenye picha ya mizani, aje nayo tuitazame, ila asiisugue.

Msomaji wenu, Ng'ambo, Unguja