Shukrani kwa mama wa msitu wa Magamba

Mama, jina lako hukututajia, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Tulikuwa juu ya mji wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, zaidi ya mita 2,000, ukungu uliposhuka na njia ikapotea. Mvua ikafuata. Mdogo wangu akaanza kutetemeka mpaka maneno yakamkwama.

Ulitokea na mzigo wa kuni kichwani. Hukuuliza maswali mengi. Ulimvua shati lililolowa, ukamfunga kitenge chako kikavu, ukamkalisha juu ya majani badala ya udongo. Kisha ukafungua mzigo wako mwenyewe, kuni ulizohangaikia tangu asubuhi, ukapasua tawi kwa panga. Nje limeloa chapachapa, ndani kavu kabisa! Ukachonga vijiti vyembamba vya moyo wa mti, ukawasha moto huku umeukinga kwa mgongo wako.

Nilitaka tufuate kijito kuteremka. Ukakataa: vijito vya huku huishia kwenye magenge. Ukatufundisha kukaa kimya na kusikiliza jogoo, mbwa na shoka. Jogoo alipowika upande wa kushoto, ukatuongoza hadi barabarani. Pesa ukakataa, tena kwa ukali kidogo.

Wenzangu mnaopenda kupanda milima, jifunzeni kupasua kuni zilizolowa mvua kabla hamjazihitaji, na mchukueni mwenyeji anayeujua msitu. Na aliye Lushoto akimtambua mama huyu, amsomee haya. Kitenge chake ninacho, nitakirudisha mwenyewe.