Si kila mwenye mafuta kwenye damu amekula chipsi

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu WAVIU, yaani sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI, na mafuta kwenye damu, ile yenye picha kubwa ya chipsi mayai, imenishinda kuinyamazia. Gazeti lenu nalisoma miaka yote na sijawahi kuwaandikia. Mwandishi wenu anasema kwa kujiamini kwamba sisi wa ARV tukikutwa na mafuta mengi, tujilaumu kwa midomo yetu.

Mimi nipo mstari wa pili, yaani ARV anazopewa mtu zile za kwanza zikimshinda, natumia lopinavir na ritonavir. Nilipopimwa, trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya kwenye damu, zilisoma 6.2, wakati zinatakiwa ziwe chini ya 1.7. Muuguzi akanifokea benchi zima likisikia: "Mama, acha chipsi!" Chipsi! Kwangu ni ugali, mchicha na dagaa wa kuchemsha, na kwa bei hii ya mafuta ya kula nitakaanga nini? Shoga yangu tunayechukua naye dawa hizohizo anauza chipsi stendi, anazila mwenyewe mchana na jioni, na vipimo vyake havina kasoro. Mwandishi wenu atueleze hilo. Ritonavir yenyewe hupandisha mafuta, jambo linalojulikana tangu miaka ya 1990. Inampandishia nani zaidi, hapo vinasaba vya ukoo vinaingia. Mwaka 2005 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba wenye aina fulani za jeni za APOC3 na APOE wakitumia ritonavir, trigliseridi zao hupanda kuliko za wenzao. Shangazi zangu wawili wana lehemu nyingi na ARV hawajawahi kuzigusa. Nani pale CTC, kliniki yetu ya ARV, aliwahi kuniuliza habari za ukoo wangu? Tena mtu wa ritonavir hapewi simvastatini, ile dawa ya kushusha lehemu, maana dawa hiyo hurundikana mwilini na kuharibu misuli. Nafasi ya kuandika hilo mliijaza picha ya chipsi.

Dawa siachi, ndizo zilizonifikisha hapa.

Na hicho kipimo chenyewe, kukipata ni shughuli. Unaambiwa usile tangu usiku, unafika alfajiri, saa tano mtu wa maabara anatoka kusema kitendanishi, ile dawa ya kupimia, kimeisha, mkapime nje. Nje ni hela. Ila kondomu za bure zimejaa koridoni, maboksi kwa maboksi, tunazirukaruka sisi bibi zenu wa miaka sitini.

Ombi langu ni dogo. Mtumeni huyo mwandishi kliniki siku ya Jumanne, bila kitambulisho cha gazeti, tumbo tupu, akae benchi la mwisho karibu na mlango wa choo. Kitendanishi kikiisha, asikimbilie maandazi. Akapime nje kwa hela yake na risiti ailete. Majibu yake myachapishe ukurasa uleule, pamoja na picha ya alichokula jana yake.

Msomaji wa mstari wa pili,
Morogoro