Vitumbua Havikuwa na Kosa

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kutoka kwenye baridi. Sisi wazima, ila Julai hii inatukomesha. Maji ya kunawa asubuhi utadhani yametoka Kibo moja kwa moja. Mama anauliza utakuja lini kula mtori. Na Bibi, goti lake linaendeleaje?

Nina deni kwako. Ni la vile vitumbua.

Unaikumbuka alfajiri ile ya Pangani. Maji ya bamvua ndiyo kwanza yanaanza kutoka, yametuachia kipande chembamba cha mchanga, nami nimesimika stendi ya kamera hapo hapo. Nyuma yetu mwezi mpevu unazama minazini, mbele anga limeshaiva. Kuchungulia kwenye kamera, ukungu mtupu! Nikafuta lenzi kwa khanga, ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi. Ndipo nikakugeukia wewe na mfuko wako wa vitumbua, nikakwambia umenishikia lenzi kwa mikono ya mafuta, tena kwa sauti ya kuwafikia wavuvi. Ukanyamaza, ukasogea pembeni. Na jua letu halina subira: likishachomoza ukingo, dakika mbili na ushei limetoka lote. Lenzi ilipokuja kutakata, jua lilikuwa jeupe, halitazamiki.

Sasa sikiliza. Juzi niliamka saa kumi na moja kuuvizia mlima kabla mawingu hayajaufunika. Mtaani bado giza, lakini theluji kule juu, mita 5,895, ilikwishaliona jua. Ikawa na rangi ya waridi. Nikapiga picha zangu mpaka vidole vikafa ganzi, nikakimbilia jikoni nipate moto. Mama anachemsha mtori, mvuke umejaa. Natoa kamera nimwonyeshe, lenzi nzima ukungu. Nafuta, unarudi.

Nikakaa chini, shoga. Jikoni mle hamkuwa na kitumbua wala Mwanaidi.

Kumbe ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: kioo cha baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, kinatoa jasho. Kule Pangani kamera ililala mezani chini ya kiyoyozi usiku kucha, halafu nikaitoa ghafla kwenye fukuto la pwani. Ilihitaji kama nusu saa tu ya kuzoea hewa. Na wewe ulinikataza tangu usiku, "Zima hiyo mashine, utaugua kifua."

Nisamehe. Ulinisindikiza gizani, ukabeba na chakula, nikakulipa kelele.

Katika picha chache zilizopona, ipo ya ngalawa ikipita mlangoni mwa mto, maji ya upande mmoja ya kahawia, upande wa pili ya buluu. Mama kaiangalia, akasema, "Hayo ya kahawia ni ya kwetu." Kweli, mito yetu ya Karanga na Weruweru inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unawashukia nyinyi. Wewe umo ukingoni, umetupa mgongo, umenuna, mfuko mkononi. Nilitaka kukukata, Mama kakataa, kaibandika sebuleni hivyo hivyo.

Nakala yako inakuja na basi la Tanga siku ya Jumatano. Mwezi ukipevuka tena nitakuja mwenyewe. Kamera italala barazani kwenu, na vitumbua nanunua mimi.

Wako,
Aika