Wajukuu zangu wa TUM, kabla hamjaandika mada za miradi yenu

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor.

Wajukuu zangu, hamjambo nyote.

Waliokianzisha chuo chenu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora, walitaka vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Sisi tulikiita MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote, na jina likapanda cheo mara nne: Taasisi ya Ufundi 1966, Politekniki 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, chuo kikuu kamili 2013. Kupanda cheo kusiwasahaulishe kushika nyundo.

Maonyesho ya miradi ya wanafunzi nayapenda, ila popote niendapo nakuta mlango unaofunguka kwa alama ya kidole. Mwaka unaofuata, mlango ule ule. Pwani nzima hii, shida yetu ni milango?

Nendeni Kibuyuni, kule karibu na Shimoni. Kina mama hufunga mbegu za mwani kwenye kamba maji yakitoka, wakavuna baada ya wiki kadhaa, kisha wakauanika. Masika yakiingia, mwani haukauki. Mvua ikiunyeshea huchujuka chumvi, ukapauka, ukaoza, na mnunuzi akashusha bei. Kikaushio cha jua si siri: boksi, nailoni inayopitisha mwanga, bati jeusi, tundu la hewa chini na jingine juu. Kazi iko kwenye maswali ambayo vitabu havijibu. Misumari itadumu miezi mingapi katika chumvi ile? Upepo wa kusi ukiipasua nailoni, nani ataishona, na nailoni nyingine atainunua wapi? Mama mmoja anaweza kuliinua boksi peke yake? Wa mitambo ajibu hilo, wa umeme aweke kipimo cha unyevu, wa takwimu apime mwani wa boksini na ule ulioanikwa chini kwa msimu mzima, si kwa wiki moja ya kupiga picha.

Boksi likisimama, liazimeni shule ya sekondari ya jirani. Mtoto anakariri uvukizi ubaoni, maabara haina kitu, na nyumbani mama yake ameanika mwani uani! Mwacheni apime mwenyewe asubuhi na jioni. Wasichana hasa, kwa kuwa shamba lile ni la mama zao na hesabu yake wanaijua kwa shilingi.

Walimu wenu nawaomba jambo moja tu: alama za mradi zitolewe pia kwa yule aliyerudi kulitengeneza boksi lilipoharibika.

Mkishavuka feri, pandeni matatu ya Lunga Lunga pale Likoni, mshuke njia panda ya Shimoni, kisha muulize. Nendeni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Siku za maji mafu, yasipotoka sana, hamtawakuta kina mama shambani.

Babu yenu,
Mji wa Kale