Wale watatu wa Dodoma

Chikongola, Mtwara
Julai 14, 2015

Shoga yangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, mfungo ndio huo unakatika. Umeniambia king'amuzi chenu kimewagomea tangu Ijumaa na Mkutano Mkuu wa CCM wa kumchagua mgombea urais umeupata vipande vipande kwa watu. Salio la simu halitoshi kusema yote, nikaona nikuandikie.

Kwanza pole. Najua bado unauguza jeraha. Membe ni mbunge wenu wa Mtama, mtoto wa Kusini. Waliorudisha fomu ni 38, yeye akaingia tano bora, halafu Halmashauri Kuu ilipopiga kura akaishia hapo hapo. Na mimi iliniuma, sikufichi. Ila kilichofuata ndicho nilichotaka ukione kwa macho yako.

Jumamosi baada ya tarawehe tulijazana sebuleni kwa jirani, wengine mkekani, watoto mlangoni. Ukumbi umejaa kijani na njano. Yakatajwa majina matatu ya kupelekwa mbele ya wajumbe: Magufuli, Dk. Asha-Rose Migiro, Balozi Amina Salum Ali. Mjukuu wangu akahesabu kwa vidole: "Bibi, wanawake wawili, mwanaume mmoja." Nikanyamaza. Machozi yalikuwa karibu.

Unaikumbuka Julai 1995? Tuliizunguka redio ya marehemu baba yako, tunasubiri habari za mkutano wa CCM ukumbini Chimwaga, Dodoma. Watatu wa siku ile walikuwa Kikwete, Mkapa na Msuya. Duru ya kwanza Kikwete akaongoza kwa 534, Mkapa 459. Duru ya pili Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Kura 47 tu! Tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka, kwa sababu Mkapa ni wa Lupaso, wa kwetu. Lakini wanaume watupu, shoga, na wala hatukuliona. Mwaka 2005 tena: Kikwete, Salim, Mwandosya. Sisi ambao ukoo wetu tunauhesabu kwa mama, miaka yote hiyo hatukuuliza mama yuko wapi kwenye karatasi ile ya kura. Safari hii karatasi imekuwa na wawili, na mwenyekiti wa mkutano ni yule yule Kikwete aliyeshindwa kwa kura 47 akakubali.

Matokeo utakuwa umeyasikia. Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Hiyo 59 ilinichoma. Mama aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kura 59! Jirani akasema ndiyo siasa, wajumbe wanafuata upepo. Pengine. Mimi sikuona haki yake, na mpaka leo sijaiona.

Basi nilikuwa bado nimekunja uso Jumapili ile Magufuli alipomtaja mgombea mwenza: Samia Suluhu Hassan. Yule yule tuliyekuwa tukimwona mwaka jana akiongoza vikao vya Bunge Maalumu la Katiba, watu wazima wanarushiana maneno, yeye anawatuliza bila kupandisha sauti. Hapo ndipo mama wa jirani, mgonjwa wa miguu, alipojiinua kwenye mkeka akapiga kigelegele kimoja kirefu. Ukiniuliza lipi nimelipenda kuliko yote, ni kigelegele kile.

Huyo Magufuli mwenyewe, waziri wa ujenzi, huku hatumjui kwa hotuba, tunamjua kwa lami. Wewe ulilala njiani mara ngapi kwenye kile kipande cha barabara ya Dar, Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za tope? Sasa kinapitika. Hilo nalipima. Ila kura yangu sijaigawa bado. Sina kadi ya chama chochote, nina kadi yangu mpya ya mpiga kura, ile ya BVR ya alama za vidole, na Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, bado hawajamtaja mtu wao. Nitamsikiliza naye. Nitaangalia na wao wanawake wamewaweka wapi.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Lindi kifurushi chako cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, wafuturishe wanao. Kampokee stendi mwenyewe, usimtume mtoto. Na king'amuzi hicho kitengenezwe kabla ya uchaguzi wa Oktoba 25, maana siku hiyo sitaki kuhadithiana kwa barua.

Shoga yako wa Chikongola