Safari za siku moja Ruaha zianzie Iringa mjini

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapisha kuhusu watalii wanaoondoka Zanzibar asubuhi kwa ndege, wakatembezwa na mwongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa Nyerere na kurejea jioni. Ni jambo jema. Lakini sisi wa Iringa tuko kilomita zipatazo 130 tu kutoka Hifadhi ya Taifa Ruaha, na wengi wetu hatujawahi kuvuka lango lake.

Kikwazo kikubwa si kiingilio, maana Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Ni gari. Anayetaka kwenda hulazimika kukodi gari zima na kulijaza mafuta, gharama ambayo mwalimu au muuza nyanya wa sokoni haimudu. Mtoto wa vijiji vya jirani na hifadhi anamjua tembo kwa mahindi yaliyokanyagwa shambani. Hajapata kumwona akichimba mchanga wa Mwagusi, mto wa mchanga ulio ndani ya hifadhi, kwa mguu na mkonga, akitafuta maji ya kiangazi.

Nalishauri Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) lishirikiane na halmashauri zetu kuweka basi dogo kila Jumamosi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wanyama wanapokusanyika mitoni. Liwe na mwongozaji, liondoke stendi saa 11 alfajiri, na nauli itozwe kwa kiti. Shule za Pawaga na Idodi, zilizo jirani na hifadhi, zipewe nafasi za kwanza.

Mkazi wa Kihesa,
Iringa