Salamu za Pasaka: Majina Yaliyosomwa Leo Alfajiri

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na wadogo zangu mlioko Rungwe, Mbeya, Dar es Salaam na kokote riziki ilikowapeleka: Bwana amefufuka! Najua wengi wenu mmekwisha kuitikia moyoni kwamba amefufuka kweli kweli. Nawatakia Pasaka yenye afya, amani na chakula cha kutosha mezani, na kwa wale ambao mwaka huu meza yao ina kiti kisicho na mtu, nawatakia kitu ambacho sherehe peke yake haiwezi kukitoa, na ndicho nitakachokizungumzia katika salamu hizi.

Tangu Pasaka iliyopita nimeulizwa na vijana kadhaa waliofiwa, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yake, swali lile lile: hivi kweli tutaonana tena, au ni maneno tu ya kutufariji? Ni swali la haki, nalo ni la kale. Ayubu aliuliza, "Mtu akifa, je! Atakuwa hai tena?" Sioni sababu ya kumkemea kijana anayeuliza leo kile ambacho Maandiko yenyewe hayakuona aibu kukiandika. Basi nitajibu ninavyoamini, nikijua kwamba wengine wenu mnaamini tofauti.

Sisi Wamoravian tuna namna yetu ya kuianza siku hii. Mwaka 1732, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, kilichoanzishwa miaka 10 kabla ya hapo na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, vijana wa kiume wa usharika ule waliamka kabla ya jua siku ya Pasaka, wakapanda hadi makaburini kuimba habari za ufufuo mbele ya wafu wao. Makaburi yale yalifunikwa kwa mawe ya kulazwa yaliyofanana, ili tajiri na fukara wasitofautishwe na kaburi. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, usharika ule mdogo ulituma wamisionari wake wa kwanza ng'ambo, na mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian, lililokua kutokana na usharika huo, walifika Rungwe. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania, na desturi ya vijana wale imekuwa yetu kiasi kwamba mtoto wa huku hawezi kuifikiria Pasaka isiyoanzia makaburini.

Jana, Jumamosi Kuu, watu walikuwa na fyekeo na majembe. Masika haya yameotesha majani hadi kifuani mwa misalaba, na penye misalaba ya mbao ilibidi kufuta tope kwa kitambaa ili herufi zionekane. Leo alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, matarumbeta yalianza, nasi tukasimama katikati ya makaburi, akina mama wamejifunika khanga mabegani kwa baridi, watoto wamebebwa wakiwa nusu usingizini. Kisha yakasomwa majina ya waliotutangulia tangu Pasaka ya mwaka jana. Mchungaji hakuharakisha. Alisoma jina, akanyamaza kidogo, akasoma lingine. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu, jina la mwanawe lilipofikiwa, aliitika "naam" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeitikia kwa niaba ya mtoto aliyetoka kidogo kwenda kuchota maji. Hakuna aliyemgeukia wala kumnyamazisha.

Mwitiko ule umebaki nami tangu asubuhi, kwa sababu ninaamini mama yule alisema kweli.

Wengi hutufariji kwa kutuambia kwamba marehemu anaendelea kuishi mioyoni mwetu. Ni maneno mema, na yana mizizi katika fikra za Waafrika wenyewe. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alieleza kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika aliyekufa huhesabiwa bado yu hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Yumo katika Sasa, pamoja na jamaa zake, hata atakapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu, ndipo anapozama katika Zamani, asiwe tena mtu mwenye jina. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anaelewa jambo hilo bila kufundishwa, kwa kuwa ndivyo tulivyowaona babu zetu wakiishi na wazee wao waliowatangulia, wakiwapa wajukuu majina yao na kuwatajia sifa zao.

Lakini fikirini mwisho wake. Kama uhai wa marehemu unategemea kumbukumbu zetu, basi maisha yake yameshikwa na mikono dhaifu sana. Mimi mwenyewe namkumbuka bibi yangu mzaa mama kwa sauti yake na kwa jinsi alivyokuwa akipepeta ungo huku akiimba. Mama yake simkumbuki, nina jina tu. Na mama wa mama yake sina hata jina. Je, yule mwanamke aliyezaa, akalima, akaogopa radi na kuwapenda watoto wake, amekwisha kwa sababu mimi kitukuu wa binti yake sijui aliitwa nani? Na mtoto aliyezikwa kabla hajapewa jina, ambaye leo alisomwa tu kuwa mtoto wa fulani, yeye ataishi kwa kumbukumbu ya nani? Siwezi kukubali kwamba mwenye wajukuu wengi wenye akili nzuri anaishi muda mrefu zaidi baada ya kufa kuliko mgumba na mpweke.

Ndiyo maana imani yangu naiweka penye nguvu kuliko moyo wangu. Masadukayo, waliosema hakuna ufufuo, walipomjia Yesu na fumbo lao la mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, aliwakumbusha kwamba Mungu alijitambulisha kuwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, kisha akasema: "Mungu si Mungu wa wafu, bali wa walio hai." Ibrahimu alikuwa amezikwa kwa karne nyingi, lakini kwa Mungu hakuwa habari ya kale. Naamini ya kwamba bibi wa bibi yangu, ambaye kwangu amezama kabisa, kwa Mungu hajazama hata kidogo, na jina lake ambalo sisi tumelipoteza halijapotea.

Na tazameni jinsi Injili ya Yohana inavyosimulia asubuhi ya kwanza ya Pasaka. Mariamu Magdalene anakwenda kaburini kungali giza, analia, anamwona Yesu amesimama na hamtambui. Anamdhania kuwa mtunza bustani. Yesu hamfafanulii maana ya ufufuo wala hamwonyeshi ishara. Anamwita tu: "Mariamu." Hapo anageuka na kumjua. Kwa hiyo ninapoulizwa kama tutatambuana, nawaelekeza hapo. Aliyeshinda kifo alianza kwa kuita mtu kwa jina lake, naye aliyeitwa alimjua Mwalimu wake kwa sauti ile ile.

Kuna jambo la pili ninaloliamini, nalo wengi hulisahau. Hatukiri kwamba kitu fulani kama mvuke hutoka mwilini na kuelea milele. Katika ukiri wa Mitume tunakiri ufufuo wa mwili. Yesu aliyefufuka, kwa mujibu wa Luka, alipewa kipande cha samaki wa kuokwa akala mbele ya wanafunzi wake. Watu wetu, hata wasiosoma teolojia, wanaujua uzito wa mwili. Mtu akifariki Dar es Salaam, jamaa na majirani huchangishana usiku kucha, wakakodi gari na kusafiri naye zaidi ya kilomita 800 hadi Tukuyu, ili alale kando ya migomba ya baba yake. Wapo wanaolaumu gharama zile, na kwa upande wa gharama wana hoja. Ila wanaosema ule ni mwili tu, mwenyewe hayupo, siwezi kukubaliana nao. Ni mikono iliyotulisha. Mtume Paulo aliposema na Wakorintho hakudharau mwili unaofukiwa. Aliufananisha na mbegu, akasema unachokipanda hakiwi hai kisipokufa. Mtu wa Rungwe aliyefukia maharage kwenye udongo wa mwezi Machi hahitaji ufafanuzi zaidi.

Sasa, marehemu wako wapi kwa wakati huu, kati ya kaburi na siku ya mwisho? Hapo Wakristo hatukubaliani. Ndugu zetu Wasabato wanafundisha kwamba wamelala bila kujua lolote hadi parapanda itakapolia, Wakatoliki wanawaombea walioko toharani, yaani wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, wengine wetu tunashikilia neno ambalo Yesu alimwambia mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mimi nashikilia hilo la mwisho, lakini sitagombana na mtu kwalo. Inanitosha kwamba walipo, wapo mikononi mwa Mungu.

Majirani zetu Waislamu nao wanaamini Kiyama na maisha ya barzakhi yanayoitangulia, na siku za Idi wengi wao huwazuru marehemu wao na kuwaombea dua, kama sisi tulivyofanya leo. Nawashukuru wale wanaotusaidia kuchimba makaburi na kubeba jeneza bila kutuuliza dhehebu. Na kwako wewe rafiki usiyeamini lolote kati ya haya, uliyenieleza kwamba mtu akifa amekwisha: sikuhukumu. Paulo mwenyewe alisema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Hakutafuta pa kujifichia, nami sitafuti. Nasema tu kwamba nimeyapima maisha ya watu niliowazika, na sikuona kwamba walikuwa wamekwisha. Niliona watu waliokatizwa katikati ya jambo, na nimemwamini yule anayesema atalimaliza.

Wengine husema kwamba mwenye imani hii hapaswi kulia. Hapana. Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado Injili inasema alilia machozi. Mtume hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Basi mama uliyefiwa mwaka huu, lia. Mzee uliyempoteza mwenzio wa ujanani, usione haya machozi yakikutoka wakati wenzako wanaimba haleluya. Sauti zote mbili ni za siku hii.

Kesho ni Jumatatu ya Pasaka, siku ya mapumziko, na majira haya yataendelea kwa siku 50 hadi Pentekoste. Nawaomba mzitumie kuwatembelea waliofiwa, hasa wale ambao matanga yao yaliondolewa zamani na sasa hakuna anayepiga hodi. Mkikaa nao, msiogope kumtaja marehemu wao. Mtajeni kwa jina lake, muulize alipenda kula nini, aliimba wimbo gani, aliwakasirisha kwa lipi. Ninyi mlioko mbali msioweza kufika nyumbani mwaka huu, pigeni simu kwa mdogo au shangazi aliyebaki kijijini, mjue kama kaburi limefyekwa, na mtume cha kufyekea.

Mungu aliyemfufua Bwana wetu awalinde nyote, awape wagonjwa nafuu, awafikishe salama wasafiri wanaorejea mijini baada ya sikukuu, na awapumzishe wapendwa wetu wote waliosomwa leo na wasiosomwa. Pasaka njema kwenu na kwa nyumba zenu.